Ukibonyeza F1 Bila Bando

Kwenye kibodi nzima, kitufe ninachokiheshimu kuliko vyote ni F1. Miaka nenda rudi kimekuwa na maana ileile karibu kwenye kila programu: nimekwama, nielekeze. Humwombi mtu ruhusa, humsumbui jirani, humsubiri mwalimu arudi kesho. Unabonyeza, unasoma, unaendelea na kazi. Siku hizi programu nyingi ukizibonyezea F1 zinafungua kivinjari, kivinjari kinatafuta intaneti, na intaneti isipokuwepo unaambiwa ukurasa haupatikani. Programu yenyewe unayo, umeiweka kwenye kompyuta yako na inafanya kazi bila mtandao wowote. Maelezo yake ndiyo yamehamishiwa kwenye seva iliyoko Ulaya au Marekani.

Jambo hili linaniuma, na nataka kulieleza kwa kirefu kwa sababu kila nikilizungumza hapa mjini najibiwa kwamba hilo ni tatizo la vijijini. Si kweli. Ninafundisha kompyuta jioni, Temeke. Wanafunzi wangu ni watu wazima wenye kazi zao: makarani, wahasibu wa maduka, watumishi wa kata, vijana wanaotaka kujifunza kutengeneza ramani. Wote wanaishi Dar es Salaam na wote wana simu janja. Karibu wote, sehemu kubwa ya siku, kompyuta zao hazina intaneti.

Asiyeishi maisha haya anaweza asielewe inakuwaje. Bando liko kwenye simu, haliko kwenye kompyuta. Mtu anajiunga kifurushi cha siku au cha wiki, anapiga simu, anachati, anatuma pesa. Akiwasha hotspoti ili laptopu ipate mtandao, Windows inaona imepata upenyo na kuanza kupakua masasisho yake, na MB zinayeyuka kabla hata hajafungua ule ukurasa mmoja aliokuwa anautaka. Likimkuta hilo mara moja, hawashi tena hotspoti. Wengi huvumilia hadi wafike ofisini, na ofisini nako rauta iko chumba cha bosi.

Halafu kuna umeme. Wakati wa mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, tulikuwa tunakaa darasani na laptopu zenye chaji ya kutosha huku mtandao wa simu ukififia, kwa sababu minara nayo inategemea betri na jenereta, na umeme ukikatika muda mrefu betri zinakwisha. Mashine ilikuwa hai, kazi ilikuwepo, mwanafunzi alikuwa tayari kujifunza. Kilichokosekana ni maelezo tu, nayo ni maandishi matupu.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 tulipata funzo kubwa zaidi. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Hizi ndizo nyaya zilizotutoa kwenye intaneti ya setilaiti: Seacom ilianza kazi Julai 2009 na EASSy ikafuata mwaka 2010. Kwa kawaida upande mmoja ukikatika, data huzungukia upande wa pili. Lakini Februari ya mwaka huohuo nyaya kadhaa zilikuwa zimekatika Bahari ya Shamu, Seacom ikiwemo, kwa hiyo njia ya kaskazini tayari ilikuwa imebana. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Kwa siku kadhaa mtandao Dar ulikuwa wa kubahatisha, hata kwenye maofisi makubwa ya Posta na Masaki yenye mikataba ya gharama. Na mwishoni mwa Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Siku zote hizo kompyuta za mji huu ziliendelea kuwaka, na watu waliendelea kuhitaji kuandaa mishahara, kupiga hesabu za duka na kuandika ripoti.

Sasa nieleze kisa kilichonifanya nilichukulie suala hili kuwa langu.

Nina mwanafunzi, mama wa makamo, karani kwenye soko moja la upande huu wa mji. Kazi yake ni daftari la vizimba: nani ana kizimba namba ngapi, anadaiwa ushuru kiasi gani, amelipa lini. Kwa miaka mingi aliandika kwa mkono kwenye vitabu vikubwa vyenye jalada gumu. Alikuja kwangu kujifunza LibreOffice Calc, programu ya bure ya majedwali ya hesabu, na alijifunza kwa juhudi ambayo sijaiona kwa vijana. Usiku mmoja, saa tatu imeshapita, simu ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Samahani kukusumbua usiku. Hii kompyuta inasema mtu wa kizimba cha kumi na nne amelipa. Mimi najua hajalipa, nimemdai leo mchana kwa mdomo wangu."

Nikamwomba anisomee alichoandika kwenye seli. Akanisomea herufi moja moja, na mimi naandika kwenye karatasi: =VLOOKUP(A2;$Malipo.A2:C180;3). Kwa jicho la haraka fomula hiyo haina kasoro. Inachukua namba ya kizimba, inaitafuta kwenye karatasi ya malipo, inaleta kilichoandikwa kwenye safu ya tatu. Lakini VLOOKUP ina kipengele cha nne, na usipokijaza Calc inachukulia kwamba safu ya kwanza ya orodha yako imepangwa kwa mfuatano. Orodha ya mama haikuwa imepangwa. Alikuwa anaandika malipo kwa jinsi watu walivyokuja kulipa. Kwa orodha ya namna hiyo fomula inaweza kukuletea jibu la mstari mwingine kabisa, na isikupe onyo lolote. Haiandiki kosa. Inakupa jibu lisilo sahihi, limeandikwa vizuri, lenye sura ya kuaminika.

Nikamwambia aongeze nukta-mkato na sifuri mwishoni, kabla ya kufunga mabano. Akafanya hivyo, kizimba cha kumi na nne kikarudi kuwa na deni. Nikasikia anashusha pumzi. Asubuhi alikuwa anatakiwa kuwasilisha orodha ya wadaiwa kwenye kamati ya soko, mbele ya watu ambao tangu mwanzo hawakutaka daftari lihamishiwe kwenye kompyuta. Kosa hilohilo lingeweza pia kumwonyesha aliyelipa kuwa hajalipa. Angewataja wasiodaiwa kuwa wanadaiwa, hakuna ambaye angemsikiliza tena.

Kisha akaniambia maneno haya: "Nilibonyeza kile ulichotufundisha, F1. Inaniambia msaada haupo, niende mtandaoni. Bando langu mimi ni la dakika."

Ukurasa wa msaada wa VLOOKUP umeandika wazi kabisa habari ya kipengele cha nne. Mtu aliketi, akafikiria wasomaji kama huyu mama, akaandika. Maelezo hayo hayafiki hata ukubwa wa picha moja tunayotumiana WhatsApp. Hata hivyo hayakuwepo mezani kwake saa tatu usiku, na kama nisingepokea simu, kesho yake asubuhi huenda mtu asiye na hatia angetajwa mbele ya kamati.

Inafaa nieleze kwa nini hayakuwepo, maana watu hudhani ni uzembe wa mtumiaji. LibreOffice inatolewa vipande viwili: programu yenyewe, na faili la pili la msaada wa bila mtandao, kila lugha na lake. Faili hilo la pili ni dogo sana ukililinganisha na programu, lakini lazima ujue kwamba lipo, ulipakue na uliweke mwenyewe. Fundi aliyemwekea mama programu alikuja na fleshi yenye faili moja, akaweka, akaondoka. Programu ikafunguka, kazi yake ikaishia hapo. Simlaumu. Enzi za OpenOffice, programu ambayo LibreOffice ilitokana nayo, msaada ulikuwa unakuja ndani ya kifurushi kimoja na programu, na ukibonyeza F1 linafunguka dirisha la programu yenyewe. Hapa mjini tuna historia na programu ile: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, yenye menyu za Kiswahili. Tangu matoleo ya 6 ya LibreOffice, mwaka 2018, msaada husomwa kwenye kivinjari, hata ule ulioko ndani ya kompyuta.

Na hapo kwenye kivinjari ndipo penye tabu nyingine, ambayo hata aliyepakua kila kitu inamkuta.

Darasani nina laptopu chache zenye Ubuntu, mfumo wa Linux unaotumika badala ya Windows. Nilipakua msaada, nikauweka, nikabonyeza F1. Firefox ikafunguka na kusema faili halipo. Faili lipo, naliona kwa macho yangu kwenye folda. Kinachotokea ni hiki: ukibonyeza F1, LibreOffice huandika kijifaili kwenye folda ya muda, /tmp, na kijifaili hicho ndicho kinachokielekeza kivinjari kwenye ukurasa unaouhitaji. Kwenye Ubuntu 22.04, iliyotoka Aprili 2022, na zilizofuata, Firefox inakuja ikiwa imefungiwa ndani ya snap, yaani kifungashio kinachoitenga programu na sehemu nyingine za mfumo, na programu iliyo ndani ya snap ina /tmp yake peke yake. Ile ya mfumo haioni. Programu moja inaandika barua, nyingine haina ruhusa ya kuingia chumba ilimowekwa. Kila upande ukiuliza, una sababu nzuri ya kufanya unavyofanya. Waliotengeneza snap walitaka kivinjari kisiweze kuchokonoa mafaili ya mtu. Waliotengeneza msaada walitaka kurasa nzuri zinazosomeka popote. Inaelekea hakuna aliyeketi mbele ya kompyuta mpya isiyo na mtandao, akabonyeza F1, akaona kinachotokea.

Sehemu ya kutafutia nayo ni hivyohivyo. Unapakua mwongozo wa programu fulani ukiwa kwenye zipu, unaufungua, kurasa zinaonekana vizuri, rangi na picha zote zipo. Unaandika neno kwenye kisanduku cha kutafutia: kimya. Sababu ni kwamba kurasa nyingi za kisasa zinapotafuta neno huenda kuchota faili la faharasa kwa njia ambayo kivinjari hakiiruhusu kama ukurasa umefunguliwa kutoka kwenye diski. Chrome imekuwa hivyo kwa muda mrefu, na Firefox iliongeza ukali huo kwenye toleo la 68, mwaka 2019. Sababu ya usalama nayo ni ya kweli: ukipokea faili la HTML kwenye barua pepe ukalifungua kutoka folda ya vipakuliwa, lisiweze kuyasoma mafaili yaliyo jirani yake. Nakubaliana na ulinzi huo. Ila mwongozo wenye mamia ya kurasa ukishakosa njia ya kutafuta, kwa mwanafunzi ni sawa na haupo. Hajui kitu anachokitafuta kinaitwaje wala kiko sura ya ngapi; angejua, asingekwama.

Windows ina yake pia. Bado kuna programu za uhasibu hapa mjini zinazotumia mafaili ya msaada ya CHM, yale ya tangu mwaka 1997. Ukilipakua faili hilo kutoka mtandaoni, orodha ya mada inaonekana kushoto na kulia kweupe. Watu wanalifuta wakidhani limeharibika. Halijaharibika: Windows imelitia alama kwamba limetoka nje. Libonyeze kwa kitufe cha kulia cha mausi, ingia Properties, tiki neno Unblock, kurasa zinarudi. Nimeona mafundi wazoefu Kariakoo wasiolijua hilo, na hawana makosa, kwa sababu ule weupe haukwambii chochote.

Sitaki nionekane nalaumu kila mtu, maana wapo wanaofanya vizuri sana na wanastahili kutajwa. Tovuti ya Python, lugha ya kuandikia programu, ina ukurasa wa kupakulia mwongozo mzima: HTML, PDF, EPUB, hata maandishi matupu. Chagua kinachokufaa, weka kwenye fleshi, basi. Kwenye R, lugha ya kufanyia hesabu za takwimu, ukiandika alama ya kuuliza mbele ya jina la kazi unayotaka kuijua, maelezo yanafunguka kutoka ndani ya kompyuta yako. Kwenye Linux unaandika man na jina la amri, na mwongozo uko hapo, ukifuata utaratibu uliorithiwa kutoka kitabu cha kwanza cha Unix cha Novemba 1971. Zaidi ya nusu karne, na hadi leo hauhitaji bando. Tena miongozo iliyotengenezwa kwa Sphinx, programu ya kujengea kurasa za miongozo, kama huo wa Python, kisanduku chake cha kutafutia kinafanya kazi hata ukifungua ukurasa kutoka kwenye diski, kwa sababu faharasa yake inapakiwa kama sehemu ya ukurasa wenyewe. Kumbe inawezekana. Ni uamuzi tu wa mtengenezaji.

Wa kupigiwa mfano kwangu ni QGIS, programu ya ramani. Dar ina sababu ya kuipenda. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa kuchora ramani za maeneo yanayokumbwa na mafuriko, zikaingizwa OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo yeyote anaweza kuichangia, na kizazi kizima cha vijana wa mji huu kikajua kwamba mtaa wao unaweza kuchorwa na mtu wa mtaa huohuo. Kazi ya namna hiyo haifanyiki ofisini tu. Unakuwa bonde la Msimbazi, au mtaa wa Tandale, jua kali, laptopu iko mapajani mwa mtu, na unahitaji kukumbuka namna ya kubadili mfumo wa majira ya nukta ili vipimo vitoke kwa mita badala ya digrii. Mwongozo wa QGIS unapakulika wote, na ndani ya mipangilio, sehemu ya System, kuna orodha ya njia za kufikia msaada. Kwa kawaida ya kwanza ni ya mtandaoni. Unaongeza anwani ya folda yako mwenyewe na kuipandisha juu. Ukibonyeza kitufe cha Help kwenye dirisha lolote, QGIS inaanza na folda yako. Isipokuta ukurasa, inajaribu njia inayofuata. Mtu aliyebuni jambo hili alimfikiria mtu aliye mbali na mtandao. Nikimwona nitampa mkono.

Ila hata hapo, ni nani anayeijua orodha hiyo? Maelezo ya namna ya kuutumia mwongozo bila mtandao yamo ndani ya mwongozo, na mwongozo uko mtandaoni.

Niliwahi kubishana juu ya haya na kijana mmoja mtengenezaji wa mifumo, Kijitonyama. Ni kijana mzuri, kazi yake nzuri, mfumo wake wa mauzo unatumika kwenye maduka kadhaa. Mfumo wenyewe unafanya kazi bila mtandao na kutuma taarifa mtandao ukirudi, amelifikiria hilo kwa umakini mkubwa. Lakini maelezo ya kuutumia yote yako kwenye tovuti. Nikamuuliza kwa nini. "Dada, siku hizi nani anasoma msaada? Mtu anaangalia video, au anauliza akili mnemba." Nikamwambia: kaka, muuzaji wako wa Mbagala mtandao ukikatika ndipo mfumo wako unabadilika sura na kuanza kuhifadhi mauzo ya kusubiri. Hapo ndipo anaogopa. Anataka kujua kama mauzo yake yatapotea. Swali hilo linazaliwa na ukosefu wa mtandao, na jibu lake umeliweka mtandaoni. Video inakula bando kuliko maandishi mara nyingi sana, na akili mnemba iko kwenye seva hukohuko.

Alinyamaza, kisha akasema ukweli ambao naamini wengi wanao ila hawausemi: kurasa za tovuti ni rahisi kuzirekebisha. Akikosea, anasahihisha sehemu moja na wote wanaona. Akiziweka ndani ya programu, lazima atoe toleo jipya. Hiyo ni hoja ya kweli na naiheshimu. Jibu langu ni kwamba maelezo ya zamani kidogo yaliyo mkononi yanamsaidia mtu zaidi ya maelezo mapya asiyoweza kuyafikia, na anaweza kuweka vyote viwili: nakala ndani ya programu, na mtandao ukiwepo ichukue iliyorekebishwa. Tena nakala iliyomo ndani ina faida ambayo tovuti haina: inalingana na toleo alilonalo mtumiaji. Wanafunzi wangu wengi wanatumia matoleo ya miaka mitatu iliyopita kwa sababu kompyuta zao ni za zamani, na tovuti inawaonyesha menyu ambazo hawanazo.

Nimesema hayo kwa watengenezaji. Kwa walimu na mafundi wenzangu, ninachofanya ni hiki.

Nina folda moja kwenye laptopu, ndani ya folda ya nyumbani ambako Firefox ya snap ina ruhusa ya kusoma. Humo kuna mwongozo wa QGIS, wa Python, vitabu vya LibreOffice vya PDF, na kurasa nyingine ambazo nimezivuna kwa wget, programu ya kupakulia kurasa za tovuti, ikiwa imeagizwa kubadili viungo visomeke kutoka kwenye diski. Kurasa zinazogoma kutafuta sizifungui kwa kubofya faili. Nafungua terminali, dirisha la kuandikia amri, ndani ya folda na kuandika python3 -m http.server 8000, kisha kwenye kivinjari naandika localhost:8000. Kwa amri hiyo moja kompyuta inakuwa seva yake yenyewe, na kivinjari kinaacha ule ukali. Visanduku vingi vya kutafutia vilivyokuwa vimenyamaza vinaanza kujibu. Visivyojibu ni vile vinavyotuma neno lako kwa kampuni ya utafutaji huko nje, na hivyo sina dawa yake.

Darasani natumia rauta ya kawaida isiyo na laini wala intaneti. Laptopu yangu inaunganishwa nayo, wanafunzi wanaunganisha simu zao, wanaandika namba ya anwani ninayowaandikia ubaoni, na kurasa zinafunguka kwenye simu bila kugusa bando la mtu. Jihadhari na jambo moja: Android ikigundua kwamba Wi-Fi haina intaneti, itauliza kama ubaki au urudi kwenye data. Lazima ukubali kubaki, la sivyo simu inahama kimyakimya na ukurasa unakataa, na mwanafunzi anadhani kakosea yeye. Nimeweka pia Kiwix, ambayo tangu 2007 imekuwa ikiwawezesha watu kusoma Wikipedia bila mtandao. Wikipedia ya Kiswahili inaingia kwenye simu janja nyingi bila shida.

Na ninapomwekea mtu programu, siondoki kabla sijazima Wi-Fi na kubonyeza F1 mbele yake. Ukurasa ukifunguka, nampa kiti aketi yeye, namwambia atafute neno lolote. Watengenezaji wakilifanya hili kabla ya kutoa kila toleo, kwenye kompyuta mpya isiyo na kitu kingine, sehemu kubwa ya niliyoandika hapa itakuwa haina kazi tena. Ni suala la dakika chache, na halihitaji fedha za wafadhili.

Yule mama karani sasa ana msaada wa Calc ndani ya kompyuta yake, ila uko kwa Kiingereza, na Kiingereza kwake ni cha kukisiakisia. Kwa hiyo nimeanza kuandika kurasa za Kiswahili kwa ajili ya darasa: VLOOKUP na kile kipengele cha nne, kupanga orodha, kufungia seli zisiguswe, kuhifadhi nakala. Nazijenga kwa Sphinx ili kutafuta kufanye kazi kutoka kwenye fleshi, na picha naziweka chache na ndogo. Yeye ndiye msomaji wa kwanza wa kila ukurasa, na ananirudishia akiwa ameandika kwa kalamu penye maneno asiyoyaelewa. Anachokidai kila wiki ni ukurasa wa kuchapisha risiti. Huo bado sijauandika: ile printa ndogo wanayotumia sokoni ina draiva yake na mipangilio yake ya upana wa karatasi, na maelezo ya kampuni iliyoitengeneza yapo sehemu moja tu, kwenye tovuti yao, kwa video.